Pua Mpya ya Barisa

Nyinyi wauguzi vijana mlioanza kazi juzi na tayari mnalalamika kwamba viti vya zamu vinaumiza mgongo, kwani mnakaa saa ngapi? Mimi katika miaka yangu yote ya thieta sikumbuki kiti hata kimoja. Nakumbuka miguu. Hata sasa nimestaafu, binti yangu huniambia, "Mama, kaa, unanizungusha kichwa," nami hukaa, halafu najikuta nimesimama nikikunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa asubuhi. Basi nawaandikia nikiinuka na kukaa. Mkiona maneno yanaruka huku na huku, mjue mwenyewe hajatulia.

Mmeniuliza juu ya kazi ya pua. Wengi wenu mnafikiri kutengeneza pua ni mambo ya Nairobi, ya watu wenye pesa wanaotaka wapunguziwe. Sisi tulizitengeneza hapa hapa kwenye Tana, chini kidogo ya Garsen, katika hospitali ndogo kando ya mto, yenye thieta moja na jenereta yenye deko la mtoto wa mwisho: ukiibembeleza inawaka, ukiifokea inanuna. Wala hazikuwa pua za urembo. Zilikuwa za watu waliokatwa saratani ya ngozi.

Mpasuaji hakuwa wetu. Alikuja kwa ndege ndogo kila baada ya wiki kadhaa, akazunguka juu mara mbili tatu mpaka mlinzi amalize kufukuza mbuzi kiwanjani. Wagonjwa walimwita Dakta Mshono, kwa kuwa hakuwa na aibu ya kufumua mshono wake mwenyewe na kuushona upya kama haukumpendeza. Nilimheshimu sana na aliniudhi sana. Yeye ni mtu wa taratibu, mimi nataka mambo yaende. "Sista," alikuwa akiniambia bila kuinua macho, "mguu wako unatikisa meza." Kumbe kweli, nilikuwa nautikisa.

Mgonjwa ninayetaka mumjue ni Barisa, mfugaji wa Kiorma, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyezaliwa na ualbino. Enzi zile hatukusema ualbino. Tulisema zeruzeru, tena mbele yake, naye akaitika. Nyinyi msiseme. Tangu utoto wake alichunga ng'ombe kwenye jua la uwanda ule, mafuta ya kukinga ngozi hajui, kilemba kakifunga kichwani na uso wote umebaki nje. Kidonda kilianza kama kipele ubavuni mwa pua. Kikapona, kikarudi, kikapakwa kila kitu ambacho jirani alikuwa nacho nyumbani. Alipotufikia kilikuwa kimekula tundu moja na ncha yote ya pua, na kilinuka.

Mkewe, Hawo, ndiye aliyeniambia kilichokuwa kikimuuma zaidi. Barisa alikuwa mwadhini wa msikiti wao, kijumba cha miti na udongo huko kwenye malisho. Harufu ilipoanza, hakuna aliyemwambia neno. Ila safu ya waliosali ilianza kuacha nafasi. Ijumaa moja akaangalia kulia kwake, mahali pa mtu mzima pako wazi. Akaangalia kushoto, vivyo hivyo. Tangu siku hiyo akawa anasali nyuma ya nyumba yake, peke yake.

"Pua ya kupendeza hataki," Hawo alisema. "Mimi nimemzoea. Yeye anataka kusimama na watu, sista. Aweke uso wake chini pamoja na wao. Hilo tu."

Tulimpeleka thieta mara ya kwanza ili kukata saratani tu. Dakta Mshono alikata kidonda na ngozi nzima iliyokizunguka, kipande kikaenda maabara, na Barisa akabaki na shimo lililofunikwa kwa shashi. Vijana huwa hamwelewi hapo. Mbona asizibe mara moja? Kwa sababu ukiifunika saratani iliyobaki kwa ngozi nzuri, umeijengea nyumba, na utakuja kuigundua ikiwa imeshafika jichoni. Tulisubiri majibu. Nilikuwa nikienda kuulizia kwenye redio ya hospitali mpaka karani wake akaanza kuniona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Majibu yakaja mazuri: kingo zote safi.

Sasa sikilizeni jinsi pua inavyotengenezwa. Daktari alichukua ile karatasi ya fedha inayofungia uzi wa kushonea, akaibandika kwenye shimo, akaikata kwa mkasi ikawa sawa kabisa na shimo. Akaigeuza kichwa chini, akaiweka kwenye paji la uso, akachora kwa kalamu. Akakata ngozi ya paji kufuata mchoro, lakini hakuikata yote. Aliacha ukanda mwembamba umeshika pale kwenye nyusi, karibu na pua, ambapo mshipa wa damu unaingia. Kisha akaisokota ngozi ile, akaishusha, akaishona kwenye shimo. Kutoka nyuma ya sikio alitoa gegedu kidogo la kushikilia tundu lisianguke. Kwa hiyo mgonjwa anaamka na pua, na pia ana kidaraja cha ngozi kinachotoka kwenye nyusi kikapita hewani mpaka kwenye pua hiyo. Kidaraja ndicho kinacholeta damu. Baada ya wiki kama tatu pua inakuwa imepata mishipa yake yenyewe, na hapo ndipo kidaraja kinakatwa.

Barisa aliuliza swali la maana kabla hajaweka dole gumba lake kukubali. "Kwa nini usikate yote, ushone, mimi niende nyumbani?" Daktari akaanza kumweleza habari za mishipa midogo na mikubwa. Barisa akamkatiza. "Ni kama ndama ya tumboni. Chakula inapita kwa kitovu. Akizaliwa ndiyo unakata." Daktari akasema ndiyo, ni hivyo hasa, na ninashuku aliendelea kuutumia mfano huo wa ndama kwa wagonjwa wengine.

Alipopewa kioo baada ya upasuaji alijitazama kwa muda, akatuambia, "Sasa mimi ndovu." Wodi nzima ikacheka, na kidaraja kikaitwa mkonga mpaka mwisho.

Ndege ikaondoka, na mvua ikaanza, mto tayari umejaa maji ya huko juu. Mvua yenyewe ni ile ya El Niño, ambayo wazazi wenu wanaikumbuka kwa nyumba zilizokwenda na maji. Mto ulivuka kingo zake ukachukua mashamba, barabara ya Garsen ikafunikwa, kiwanja cha ndege kikawa ziwa la bata. Hakuna gari linaloingia wala kutoka. Na humo ndani ya kisiwa chetu kuna Barisa na mkonga wake, na ng'ombe wake wako ng'ambo na mdogo wake, na hajui kama wamefika penye ardhi ya juu.

Mfugaji asiyejua ng'ombe wake wako wapi hawezi kulala kitandani, wanangu, msijaribu kumlaza. Alitembea barazani kutoka mwanzo hadi mwisho, akitazama maji. Nami nikitembea nyuma yake nikimwambia asiiguse pua kwa mkono, asikune, asitoke juani, asimruhusu mtu kumshika. Mgonjwa mmoja wa mguu uliovunjika alituambia kwa hasira kwamba sisi wawili tutamfanya atapike.

Nilikuwa na sababu ya kumfuata. Dresa mzee, mfunga vidonda aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na kidole kimoja kilichofanya kazi kuliko mashine. Aliniambia ngozi iliyohamishwa ni mgeni, uibishie hodi kila mara. Unabonyeza kidogo, panageuka peupe, unaachia, rangi inarudi. Ikirudi polepole na ngozi ni baridi, damu haiingii. Ikirudi upesi mno na ngozi imevimba rangi ya zambarau, damu inaingia lakini haitoki. Hizi ni shida mbili tofauti, na ukizichanganya utaua ngozi ukidhani unaiokoa. Kwa ngozi nyeupe kama ya Barisa rangi inasomeka vizuri. Kwa ngozi nyeusi fuateni joto na uvimbe, na mchome kidogo kwa sindano muone damu ya rangi gani inatoka.

Siku ya pili baada ya upasuaji, mchana, naingia wodini na sinia la dawa na kumwona Barisa chini. Kachukua udhu kwa kujipangusa, katandika mswala, na yuko kwenye sijida. Paji lake na pua yake na kile kidaraja vimelala juu ya shuka alilolikunja mara kadhaa. Hakuinuka upesi. Alikuwa na mengi ya kumwambia Mola wake.

Sinia lilianguka. Nilimshika mabega nikamwinua kabla hajamaliza, jambo ambalo hata leo sijui kama nilikuwa na haki ya kulifanya. Pua yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya bilinganya.

"Barisa! Si tulikwambia usiiguse?"

"Mkono sijagusa," alisema, na alikuwa mtulivu kabisa. "Mlisema mkono. Na shuka nimeweka, ni laini."

Tulikuwa tumemkataza yote tunayowakataza wagonjwa wote. Asibebe ndoo, asipenge kamasi, asilale kifudifudi. Yeye alitii neno kwa neno. Lakini mtu yule alikuwa amekaa muda mrefu bila kusali na wenzake, na ahadi aliyojiwekea ni kwamba siku akipata pua, sijida ya kwanza ataiweka kamili. Kwake pua ilikuwa imeshapatikana. Kwetu ilikuwa haijawa pua bado, na hakuna aliyemwambia hivyo. Nami ni Mpokomo wa kanisani, tumekaa na Waorma miaka yote tukigombania maji na malisho, na sikuwahi kufikiri uso wa jirani yangu unagusa ardhi kwa sehemu gani.

Nikabonyeza. Rangi ilirudi upesi mno. Nikachoma kwa sindano, damu ikatoka nyeusi. Ilikuwa inaingia, haitoki.

Nilikimbia kwenye redio. Kwa wale msiozijua redio zile, kila kituo kwenye bonde kilikuwa kinasikia, kwa hiyo siri za wagonjwa wetu zilijulikana mpaka Hola. Dakta Mshono akapatikana. Aliniuliza rangi, akaniuliza joto, akaniuliza damu. Akaniambia nifungue mishono miwili ya karibu na kidaraja. Halafu redio ikakoroma, nikadhani imekufa.

"Sista, huko kwenu kuna ruba? Ova."

"Rudia, daktari. Ova."

"Ruba. Wa majini, wanaonyonya damu. Ova."

Nikasikia mtu wa kituo kingine akicheka waziwazi.

Ruba tunao! Mimi nimekua nikipanda mpunga kwenye maji yaliyotuama, nimewabandua miguuni mwangu tangu nina akili. Daktari akaeleza kwamba huko nje ruba hutumika kwa shida kama hii: anakunywa damu iliyokwama, na akishatoka pale alipouma panaendelea kuvuja polepole, na ngozi inapumua mpaka mishipa yake ifunguke. Awe hajanyonya mtu mwingine. Akitumika mara moja auawe. Na mgonjwa apewe dawa ya kuzuia uchafu wa ruba, kwa kuwa tumboni mwake mna vijidudu. Akanitajia dawa, tulikuwa nayo. Nasisitiza hilo msije mkaenda kuokota wadudu mtoni na kuwabandika watu bila daktari.

Mwenye kazi ngumu zaidi alikuwa Barisa. Wafugaji wanamchukia ruba kuliko simba.

"Huyo anaingia kwa pua ya ng'ombe," alisema. "Ng'ombe inakunywa maji, yeye anaingia ndani, inakonda, inakufa. Na wewe sista unataka kumweka kwa pua yangu?"

"Nataka."

"Daktari amesema?"

"Amesema. Bonde zima limesikia."

Akamtazama Hawo. Hawo akavuta kanga yake akaifunga kiunoni. "Twende tukawatafute," akaniambia.

Tuliingia kwenye mpunga uliofunikwa na maji, yeye Mwislamu wa uwandani asiyependa maji kupita magoti, mimi Mpokomo. Tulisimama tukajifanya chambo. Hila yake ni kumnasa ruba akiwa bado anapapasa, kabla hajauma, na hilo linataka utulivu, kitu ambacho sina. Wangu wengi waliniwahi. Hawo alisimama kimya kama anayemkamua ng'ombe mkali, akawanasa mmoja mmoja kwa vidole, akiwatia kwenye chupa ya dawa iliyosafishwa huku akisoma Bismillahi. Mimi nilikuwa nikilia, sifichi. Niliogopa kwamba tutarudi na kukuta pua imekuwa nyeusi, na kwamba mtu yule atarudi nyuma ya nyumba yake kusali peke yake mpaka afe.

Tulimweka ruba wa kwanza kwenye ncha ya pua. Tundu tuliziba kwa pamba, maana hofu ya Barisa haikuwa ya kipumbavu hata kidogo. Alifumba macho. Ruba akajikunja, akauma, akaanza kuvimba. Alipojaa akaanguka mwenyewe, na damu nyeusi ikawa inavuja, baadaye ikawa nyekundu. Tukaweka mwingine. Siku zilizofuata tuliendelea hivyo, na zambarau ikapungua kidogo kidogo kuanzia juu kushuka. Ukingo mmoja mdogo wa tundu ulikufa, hatukuweza kuuokoa. Pua iliyobaki iliishi.

Sasa likabaki suala la sala. Nikamwambia asali amekaa, atikise kichwa tu. Akanijibu kwa upole unaokera. "Wewe sista mzuri. Lakini dini yangu hujui."

"Mgonjwa ameruhusiwa, hata mimi nimesikia."

"Mimi si mgonjwa. Natembea."

Na kweli, alikuwa anatembea, hata mimi miguu iliniuma. Basi nikamtafuta mtu wa kumwambia. Nilipanda mtumbwi wa binamu yangu mpaka Garsen, juu ya mahali ambapo wiki chache nyuma palikuwa barabara, nikamkuta Mwalimu Abarufa wa madrasa akihamisha misahafu kwenye rafu za juu. Alikubali kuja kabla sijamaliza kueleza. Alikaa na Barisa barazani, wakazungumza kwa Kiorma, na sehemu niliyoishika ni hii: Mwenyezi Mungu hajamwomba mja amletee kidonda. Akamwonyesha jinsi ya kuinama kidogo kwa rukuu na kidogo zaidi kwa sijida, akiwa amekaa. Barisa alimfuata. Machozi yalimtoka, nikaja na shashi nikayakausha kabla hayajafika kwenye mshono. Mwalimu akaniambia, "Sista, mwache kidogo." Sikumwacha.

Habari za ng'ombe zilikuja kabla ya ndege. Mdogo wake aliwafikisha karibu wote kwenye ardhi ya juu. Baadhi walikwenda na maji. Barisa alivitaja vifo hivyo kimoja kimoja, kwa rangi ya ng'ombe na jina la mama yake, na siku hiyo alikubali kulala.

Dakta Mshono alitua kiwanja kikiwa bado na matope, wiki nyingi baada ya siku yake. Alikuwa na wasiwasi kwa kuchelewa, ingawa kwa kidaraja kuchelewa hakudhuru, kuwahi ndiko kubaya. Alibana kidaraja kwa mpira kwanza tuone kama pua itabaki na rangi yake. Ikabaki. Akakikata, akakisawazisha kwenye nyusi, akarekebisha ule ukingo uliokufa kadiri alivyoweza. Pua ilikuwa nene, imeelemea kushoto, na ilikuja baadaye kuota vinywele vya dhahabu kwa sababu ngozi ya paji iliyokatwa karibu na nywele haisahau ilikotoka. Barisa alikuwa akivinyoa kwa wembe pamoja na ndevu, na kuwaambia watu kwamba ana masharubu mawili.

Lakini nataka kuwaambia asubuhi aliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Mishono imetoka, kofia pana ya ukindu tumempa, tumemweleza habari za jua mpaka amechoka. Nikamwambia sasa anaweza kusujudu. Nilidhani atafurahi. Akatoka nje, maji yamekwisha kushuka na ardhi imekauka juu juu, akasimama akielekea Kibla, akaanza. Alipofika mahali pa kushuka alisita. Tulikuwa tumemkemea wiki zote hizo asiinamishe uso, mwili ulikuwa umetusikia. Nikaona mikono yake iko chini na kichwa hakitaki kufuata. Hawo alikuwa ameshika mlango. Mimi, mara moja katika maisha yangu, sikusogea.

Akashuka. Paji likagusa, halafu pua. Akakaa huko, na akakaa, mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zake kwa kuangalia mgongo.

Alipoinuka na kutoa salamu, alikuwa na udongo kwenye ncha ya pua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe na kipande cha shashi, kama ulivyokwenda kila siku. Barisa akaushika kabla haujafika.

"Acha, sista," akasema. "Usipanguse."